Muulize Shangazi Dereva: Mississippi kwa Miguu

Toleo lililopita niliwaambia kwa sentensi mbili tu kwamba niliipeleka kwaya yetu kwenye hifadhi ya Itasca, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, na kwamba wanakwaya wote kumi na wanne waliuvuka Mto Mississippi kwa miguu. Nikaendelea na kurasa mbili za matairi ya msimu wa baridi nikidhani huko ndiko kwenye utamu. Kumbe! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za matairi. Basi leo ni Itasca mwanzo mwisho.

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mzaliwa wa Mwanza, naendesha basi la shule jirani na Minneapolis mwaka wa kumi na tisa sasa, na likizo zikifika nabeba watu wazima, ambao ni wakorofi kuliko watoto.

Shikamoo Shangazi. Mimi niko Memphis. Mississippi ninaoujua mimi haupitiki bila daraja, na mtu akisimama ng'ambo humtambui. Hebu sema kweli, mlivuka mto au mtaro?
*Kijana wa Memphis*

Marahaba, mwanangu. Ni mto huo huo. Wewe umeukuta ukiwa mtu mzima, mimi nimeukuta ungali unanyonya.

Unaegesha gari, unapita kando ya jengo la wageni, unafuata njia iliyosawazishwa chini ya miti. Ni dakika chache, hata mwenye mkongojo anafika. Miti ikiachana unaliona ziwa limetulia, na kwenye ncha yake ya kaskazini kuna mstari wa mawe kutoka ukingo huu hadi ule. Nyuma ya mawe ni Ziwa Itasca, mbele ya mawe ni Mississippi. Maji yanapenya katikati ya mawe kwa sauti ya bomba lililosahauliwa wazi, yanaanguka kidogo tu, kisha yanatambaa juu ya mchanga na changarawe, maangavu hata unahesabu vidole vyako vya miguu. Upana wake ni kama futi 20, yaani nusu ya basi langu. Kina chake siku tuliyokwenda hakikunifika gotini, na mimi si mrefu.

Sasa usijitie ujasiri juu ya yale mawe. Yana ute wa kijani, na yameshalainishwa na nyayo za watu tangu enzi za babu zao. Mwimbaji wetu wa besi, mtu mwenye mwili wake, alitaka kuvuka akirukaruka kama swala huku anajirekodi kwa simu. Jiwe la tatu likamkataa. Simu ilipona, heshima haikupona, na ndala yake ya kushoto ikachukuliwa na mkondo. Wenyewe husema tone la maji likitoka Itasca huchukua siku kama 90 kufika Ghuba ya Mexico. Tumepiga hesabu, ndala hiyo itawapitia ninyi wa Memphis kabla ya mwezi wa kumi. Ni ya bluu, namba 44. Ukiiona, msalimie.

Ushauri wangu: vaa viatu vyenye mikanda, yaache mawe kwa wenye vichwa vigumu, vukia hatua chache chini yake penye mchanga.

Pembeni kuna gogo limesimamishwa wima, limechongwa maneno ya rangi ya njano. Linasema kwamba hapa, futi 1,475 juu ya usawa wa bahari, Mississippi unaanza safari yake ya maili 2,552 hadi Ghuba ya Mexico. Kwa kilomita zetu ni kama 4,100. Kila mtu hupiga picha hapo, foleni huwa ndefu, na wapo wanaomkumbatia lile gogo utadhani ni mjomba wao katoka safari. Mimi kilichonichekesha hakikuandikwa kwenye gogo. Ghuba ya Mexico iko kusini, sivyo? Lakini mto ukitoka pale unaelekea kaskazini! Unakwenda mpaka mji wa Bemidji, unazunguka mashariki, halafu ndipo unakumbuka kugeuka kusini. Kama abiria aliyepanda daladala ya upande usio wake akaona haya kumwambia konda ashushwe.

Mpendwa Shangazi, mimi nilifundisha historia miaka 31. Vitabu vilituambia, nami nikawaambia wanafunzi, kwamba Mwingereza Speke "aligundua" ziwa letu, Victoria, mwaka 1858. Huko nako walikuwa na Speke wao?
*Mwalimu mstaafu, Mwanza*

Shikamoo Mwalimu. Walikuwa naye, tena si mmoja.

Chanzo cha Mississippi kilitafutwa kama chanzo cha Nile kilivyotafutwa, kwa kelele na kwa kujisifu. Zebulon Pike, mwanajeshi, alifika Leech Lake mwaka 1806 akatangaza kuwa ndipo penyewe. Mwaka 1820 Gavana Lewis Cass akafika ziwa jingine, naye akaona amefika. Mwaka 1823 akaja Mwitaliano, Giacomo Beltrami, akakuta kiziwa akakiita Julia na kuuandikia ulimwengu kwamba kazi imekwisha. Wote watatu walikosea, na pande zote hizo kulikuwa na Waojibwe, wenyeji waliovua na kuvuna humo vizazi na vizazi, waliojua mto unatoka wapi kama mimi nilivyojua Hospitali ya Bugando iko mlima gani.

Wa nne, Henry Schoolcraft, alifanya jambo moja la akili. Alimtafuta mwenyeji ampeleke. Mwenyeji huyo ni Ozawindib, Mwojibwe wa Cass Lake, na jina lake maana yake ni Kichwa cha Njano. Ozawindib akawapandisha kwa mitumbwi ya magome ya miti, na mto ulipowashinda wakaibeba mitumbwi mabegani wakakatiza msituni. Tarehe 13 Julai 1832 wakatokea ziwani. Schoolcraft akapandisha bendera kwenye kisiwa, na kisiwa hicho hadi leo kinaitwa kwa jina lake.

Mwalimu, nilisimama mbele ya maelezo hayo nikamkumbuka Sidi Mubarak Bombay. Wewe unamjua, lakini vijana wengi hawamjui: Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akafikishwa India, akarudi pwani yetu mtu mzima mwenye lugha kadhaa mdomoni. Speke alipofika Mwanza mwaka 1858 Bombay alikuwa naye. Akasafiri naye tena katika ile safari ya Nile, na baadaye na wasafiri wengine wa Kizungu, Stanley na Cameron. Waingereza walimpa nishani ya fedha. Tofauti yake na Ozawindib ni kwamba Bombay naye alikuwa mgeni njiani, wakati Ozawindib alikuwa akimwonyesha mtu uani kwake. Lakini kwa kumbukumbu walipishana. Ndani ya hifadhi ya Itasca kuna ziwa na njia ya msituni vyenye jina la Ozawindib. Kwetu, ukitazama ramani ya ziwa letu, kuna Ghuba ya Speke. Ghuba ya Bombay nimeitafuta sijaiona.

Na jina Itasca! Nilidhani ni la Kiojibwe, linavyosikika. Sivyo hata kidogo. Wenyeji waliliita Omashkoozo-zaaga'igan, ziwa la yule kulungu mkubwa mwenye pembe zilizotawanyika. Wafaransa wanunuzi wa ngozi wakalitafsiri tu, Lac La Biche. Schoolcraft akataka jina linalonukia usomi, akamwomba mmisionari waliyesafiri naye maneno ya Kilatini ya "ukweli" na "kichwa". Akapewa veritas na caput. Akakata kichwa cha neno la kwanza na mkia wa neno la pili, verITAS CAput, yakabaki yale ya katikati. Yaani neno lililochinjwa pande zote mbili. Wanafunzi wako wangefanya hivyo kwenye mtihani ungewapa sifuri. Heri hata Victoria, ambalo angalau lilikuwa jina la mtu, ingawa Nyanza, Nalubaale na Nam Lolwe hazikuwa zimeomba msaada.

Neno Mississippi ndilo lilinusurika. Ni la Waojibwe, Misi-ziibi: mto mkubwa.

Shangazi, sisi tuna piramidi pale Rutovu juu ya chemchemi tunayosema ndiyo chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Wanyarwanda nao wanasema ni kwao, Nyungwe. Waganda wanatucheka, wanasema ni Jinja. Huko Marekani wamekubaliana vipi?
*Msomaji, Bururi*

Ndugu yangu, hawakukubaliana, waliamuliwa kwa kalamu.

Kuna vijito vinavyoingia Ziwa Itasca kutoka kusini. Mfaransa Joseph Nicollet alivipima mwaka 1836. Kwa hiyo ukiwa mbishi wa kweli unaweza kusema chanzo ni kile kijito, au ile chemchemi inayokilisha kijito, kama ninyi na Rutovu yenu. Mwaka 1881 akatokea kapteni mmoja, Willard Glazier, akadai Schoolcraft alikosea, chanzo halisi ni kiziwa kinachomwaga maji Itasca. Akakipa jina. Jina gani? Glazier. Vitabu na ramani vikaanza kumwamini, na watu wa Minnesota wakakasirika sana. Chama chao cha historia kikamtuma Jacob Brower, mpima ardhi na mtu wa mambo ya kale, apime upya. Akapima 1888 na 1889, akarudi na jibu: vijito ni vijito, mto wa kuitwa mto unaanzia Itasca.

Ila Brower alirudi na habari nyingine, na kwangu mimi hiyo ndiyo iliyozaa hifadhi. Aliona misonobari. Mkiwa Sao Hill, shamba la miti kule Tanzania, mnaita paini, lakini ile ilipandwa kwa mistari. Hii ilikuwa msitu wa asili, miti ya miaka mia mbili na zaidi, na makampuni ya magogo yalikuwa yanaufuata kwa shoka. Brower akaenda kubembeleza wabunge. Tarehe 20 Aprili 1891 sheria ikapita ya kuifanya Itasca hifadhi ya jimbo, ya kwanza Minnesota, na inasemwa ilipita kwa kura moja tu. Kura moja! Akafanywa mkuu wake wa kwanza, karibu bila fedha, na ukataji ukaendelea ndani ya hifadhi hiyo hiyo karibu miaka thelathini. Kilichobaki ndicho tunachokwenda kukitazama. Pale panapoitwa Preacher's Grove, kando ya ziwa, weka kiganja kwenye gome moja. Ni jekundu, linabanduka kama magamba ya samaki, na chini ya shina utakuta makovu meusi ya moto wa zamani ambao mti uliupuuza.

Sasa nikutobolee siri. Ule mstari wa mawe tuliopigia picha haukuwepo. Mahali hapo palikuwa matope na matete, na mto ulitoka ziwani kama mtu anayetoka kwenye mkutano kwa kunyata. Katika miaka ya 1930, Marekani ikiwa katika umaskini mkubwa, vijana waliokosa kazi waliandikishwa kwenye kikosi cha serikali cha Civilian Conservation Corps. Hao ndio waliojaza kinamasi, wakatengeneza mkondo safi, wakaweka kizuizi na kupanga mawe juu yake ili watalii waone kitu. Mwanakwaya mmoja alipolisikia hilo alinuna njia nzima ya kurudi, anasema ametapeliwa. Nikamwuliza, na Jinja je? Maporomoko ya Ripon aliyoyaona Speke mwaka 1862 yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, na watu bado wanapanda boti kwenda kuonyeshwa chanzo. Piramidi yenu nayo haikuota, ilijengwa 1938. Mimi sioni utapeli. Maji ni yale yale, kilichotengenezwa ni kizingiti.

Shikamoo Shangazi. Wazazi wangu wanakuja kututembelea kutoka Mwanza. Baba ana miaka 74 na goti linamsumbua, mama hapendi wadudu. Nawapeleka lini, gharama ikoje, tulale wapi?
*Mama wawili, Brooklyn Park*

Marahaba. Wapeleke Septemba, wiki ya pili au ya tatu. Juni na Julai kuna ua zuri sana, orkidi ya rangi nyeupe na pinki, ambalo ndilo ua la jimbo, lakini kuna mbu ambao hata mbu wa Nansio wangewaamkia. Septemba mbu wamepungua, majani yanaanza kuwaka, watoto wa watu wako shule na gogo halina foleni.

Kutoka kwenu ni mwendo wa saa nne kwa gari, ukipitia Park Rapids. Tulipokwenda tulilipa dola 7 kwa gari kwa siku. Kibali cha mwaka kilikuwa dola 35 na kinaingia hifadhi zote za jimbo, kwa hiyo ukitoka zaidi ya mara tano umeshafaidi. Tazama bei kabla hujaondoka. Ukitaka kulala, Douglas Lodge ni nyumba ya magogo ya mwaka 1905 inayotazama ziwa, na baba atapenda roshani. Weka nafasi mapema, ukisubiri wiki ya mwisho utalala Bemidji chini ya lile sanamu kubwa la saruji la mwaka 1937, la Paul Bunyan, mkata magogo wa hadithi. Mahema nayo yana viwanja vyake viwili.

Kwa goti la baba: njia ya chanzo haina shida. Kuna pia barabara ya mzunguko iitwayo Wilderness Drive, maili 10 ndani ya msitu, upande mmoja tu, polepole, unashusha kioo. Usimpeleke kwenye mnara wa moto wa Aiton Heights, ni futi 100 za ngazi za chuma, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Badala yake mwonyeshe Old Timer's Cabin, kibanda walichojenga wale vijana wa kikosi mwaka 1934. Magogo yake ni manene kiasi kwamba manne tu yakilazwa moja juu ya jingine yametosha kuwa ukuta. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa mashua, angeyapigapiga kwa kifundo cha kidole na kutaja bei.

Mama mwambie kupe wapo na wana ugonjwa wao. Suruali ndefu, soksi nje ya suruali, jioni mnakaguana nyuma ya magoti na nyuma ya masikio. Akisikia usiku ziwani mtu anaomboleza, asianze kuomba dua za marehemu. Ni ndege aitwaye loon, ndege wa jimbo. Mimi mara ya kwanza niliamka nikavaa viatu.

Na kuni! Mwaka wangu wa kwanza nilibeba kuni zangu kutoka uani, nimezipanga vizuri nyuma ya vani, naona nimeokoa pesa. Kufika, nikaelezwa kwa upole kwamba kuni za mbali haziingii, kwa sababu ya mdudu wa kijani anayetoboa miti aina ya ash na kusafiri ndani ya kuni za watu wema kama mimi. Nunua huko huko zilizoidhinishwa. Mimi nilirudi na zangu hadi nyumbani, zimetembea maili zaidi ya 400, zikapikia maharage.

Njiani Park Rapids nunua manoomin, ambayo madukani inaitwa mchele mwitu. Si mchele, ni mbegu nyeusi ya nyasi za majini. Waojibwe wanaivuna mwishoni mwa kiangazi kwa mtumbwi, mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine anainamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyapiga kwa kingine, punje zinamwagika ndani ya mtumbwi. Loweka, chemsha muda mrefu kuliko unavyodhani, mpe mama na samaki. Atasema ni ugumu mtupu, kisha ataomba nyingine.

Habari dada. Mimi ni mutu wa Uvira, sasa niko Fargo na jamaa. Nasikia huko Itasca watu wanavua samaki bila kulipa. Ni kweli?
*Mvuvi wa Tanganyika*

Habari nzuri, ndugu. Ni kweli kwa jirani yako, kwako si kweli. Wakazi wa Minnesota ndio wanaoruhusiwa kuvua bila leseni ndani ya hifadhi nyingi za jimbo lao. Fargo ni North Dakota, ng'ambo tu ya Mto Red, lakini daraja lile linakugeuza mgeni. Kata leseni ya mgeni kabla hujatupa ndoano, maana ukikamatwa hutaokolewa na kusema ulisikia kwa dada wa gazetini. Sheria za idadi na ukubwa wa samaki zinatuhusu sote, mwenye leseni na asiye nayo.

Ndagala na mikebuka hutapata. Utapata walleye, samaki mwenye macho yanayong'aa usiku kama ya paka. Huku wanasema ni wa jamaa ya perch, na mimi nikadhani basi ni ndugu wa sangara wetu. Si ndugu, ni majina tu yamegongana. Nyama yake nyeupe, haina mafuta, inataka pilipili na limao. Kuna pia pike, mrefu mwenye meno, ana miiba ya ukorofi.

Moja nakuomba kama dada. Ziwa linaonekana dogo ukilinganisha na Tanganyika na watoto wataona ni beseni. Pwani ya kuogelea haina mwokoaji. Kwenye mtumbwi kila mtoto wa chini ya miaka 10 lazima avae jaketi la kuokolea, ni sheria, na wewe vaa pia hata kama ulizaliwa majini. Hao wanaozaliwa majini tumewazika wengi Mwanza.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 11. Mama amesema tutakwenda Itasca. Naogopa dubu. Halafu nataka kuuliza, je, msichana anaweza kuwa mkuu wa hifadhi?
*Msomaji mdogo, St. Cloud*

Marahaba, mwanangu. Dubu wapo, weusi, na wanakuogopa wewe. Wanachopenda ni chakula. Usiweke biskuti wala dawa ya meno ndani ya hema, kila kitu kinachonukia kikalale garini milango imefungwa. Ukimwona dubu usikimbie, rudi nyuma taratibu huku unaongea kwa sauti. Mimi nimekwenda mara saba sijamwona hata mmoja, nimeona tu kinyesi chake chenye mbegu za matunda, na kwaya nzima ikapoteza sauti.

Swali lako la pili ndilo zuri. Mwaka 1903 mkuu wa hifadhi ya Itasca, mzee John Gibbs, alifariki, na kazi ikapewa binti yake, Mary. Alikuwa na miaka 24. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kushika kazi ya namna hiyo Marekani. Wakati huo kampuni ya magogo ilikuwa na bwawa mtoni. Walifunga maji ili yajae, wakiyafungua yasukume magogo yao mpaka viwandani. Maji yakijaa yanapanda kando ya ziwa, na miti iliyosimama ndani ya maji hufa. Mary akawaambia wafungue. Wakakataa. Akaenda mwenyewe bwawani. Wakamtolea bunduki, wakamwambia atakayegusa mtambo atapigwa. Yeye akausogelea mtambo na kuushika kwa mkono wake. Hakuna aliyefyatua.

Hakudumu kwenye kazi hiyo, alikaa miezi michache tu, maana kampuni zilikuwa na marafiki wakubwa. Lakini lile jengo la wageni nililolitaja mwanzo, ambalo lazima ulipite ukienda kuvuka mto, linaitwa Mary Gibbs. Siku hizi walinzi wengi niliowakuta pale ni wanawake, na mmoja alimpa mjukuu wangu daftari la kujaza majina ya ndege. Mwombe na wewe. Mwambie mama aegeshe gari upande wa jengo hilo, choo kiko hapo hapo, na mwende kabla ya mto, kwa sababu yale maji ni ya baridi na yana tabia ya kumkumbusha mtu.